Nimenunua gari la spoti la mwaka 1990: nianzie wapi matengenezo?

GiaYaTano aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Nimenunua Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa mwaka 1990, yenye injini ya lita 1.6 na giaboksi ya mkono ya gia tano. Odomita inasoma kilomita 142,000, lakini kitabu cha servisi kinaishia katikati na kurasa za miaka ya karibuni ni tupu, kwa hiyo sijui mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, ulibadilishwa lini wala kama uliwahi kubadilishwa. Gari linawaka kwa haraka, halitoi moshi na halivuti upande wowote barabarani.

Kasoro nilizoziona hadi sasa ni hizi. Injini ikiwaka asubuhi hutoa mlio wa kugongagonga upande wa juu, na mlio huo hupungua kadiri injini inavyopata joto. Pedali ya klachi hulala chini gari likikaa siku kadhaa bila kuendeshwa, nami hulazimika kuikanyaga mara nyingi ndipo irudi. Mvua ikinyesha, zulia lililo nyuma ya kiti cha dereva hulowa, ingawa turubai la paa halina tundu ninaloweza kuliona. Mwisho, kuna oili inayotiririka nyuma ya injini na kudondokea mahali inapoungana na giaboksi. Fundi wa kwanza aliniambia sili ya nyuma ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) imekwisha, hivyo giaboksi lazima iteremshwe. Wa pili alisikiliza mlio ule na kushauri injini ifanyiwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya.

Bajeti yangu haitoshi kufanya kila kitu kwa mara moja. Nilikuwa nimekusudia kuanza na springi fupi, ekzosi mpya na rimu pana, lakini kabla sijatoa fedha ningependa kusikia kwa watu wanaoyafahamu magari haya. Ni kipi kianze, ni kipi kinaweza kusubiri, na ni kazi zipi mtu anayejua kubadilisha oili, plagi na padi za breki anaweza kuzifanya mwenyewe?


BodiNaRangi alijibu:

Ndugu GiaYaTano, hongera kwa gari hilo. Mimi ningeanza na zulia lililolowa, ingawa kati ya kasoro zote ulizotaja ndilo linaloonekana dogo zaidi. Injini ya gari hili inaweza kutolewa na kurudishwa na watu wawili wenye winchi, na spea zake zinapatikana, lakini bodi iliyoliwa na kutu kutoka ndani hugharimu kuliko gari lenyewe.

Maji yanayotelemka kwenye turubai hukusanywa na mfereji wa mpira ulio nyuma ya viti, kisha hushuka kupitia matundu mawili, moja kila upande nyuma ya mlango, yakapita kwenye mirija midogo na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Miaka inavyokwenda, majani, vumbi na nyuzi za turubai huziba matundu hayo. Maji yakikosa njia hufurika ndani, na ndiyo maana zulia lako linalowa ilhali turubai ni zima. Yale usiyoyaona huingia kwenye kizingiti, yaani lile boksi la chuma linalopita chini ya mlango kutoka mbele hadi nyuma, yakakaa humo kwa miezi. Kizingiti hicho ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari, hasa gari lisilo na paa la chuma la kusaidia kubeba mzigo wa kupindika.

Fungua turubai nusu, tafuta tundu kwa tochi, kisha pitisha kitu laini kinachopindika, mfano ule mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya. Usitumie waya mgumu wenye ncha, kwa sababu unaweza kutoboa mrija au kuuchomoa mahali pake, na hapo tatizo litakuwa kubwa kuliko mwanzo. Ukishazibua, mwaga maji taratibu kwa chupa huku mtu mwingine akitazama chini. Yanapaswa kutoka upesi, na upande wa kulia na wa kushoto utoke sawa. Yakitoka kwa matone, bado kuna uchafu.

Baada ya hapo lala chini ukague ncha ya nyuma ya kizingiti, ile inayotazama tairi la nyuma. Gonga polepole kwa mpini wa bisibisi ukisogea kidogo kidogo. Chuma kizima hutoa mlio mkavu wenye uhai, na kilicholiwa hutoa mlio mzito uliokufa. Pitisha pia sumaku, maana wako waliojaza mashimo kwa puti na kupaka rangi juu. Ukikuta sehemu ya chini imepakwa lami nzito mpya ilhali gari lote ni la zamani, usifurahi haraka, bali kwangua kidogo uone kilichofichwa.

Toa zulia lote na sifongo iliyo chini yake ukaushe juani. Sifongo hiyo hubaki na maji hata zulia likiwa kavu kwa juu, na sakafu huoza chini yake bila dalili yoyote. Tena, unapokunja turubai, fungua kwanza zipu ya dirisha la nyuma na kulilaza lile plastiki, la sivyo litapata mikunjo na hatimaye kupasuka.


SpanaKumi alijibu:

Nakubaliana na BodiNaRangi kuhusu maji. Nami niseme machache kuhusu injini, kwa sababu naona ndugu yetu yuko karibu kutozwa gharama za kazi mbili ambazo huenda hazihitajiki.

Mlio wa asubuhi, kwa maelezo uliyotoa, ni wa tapeti, vile vipande vidogo vinavyosukuma valvu. Injini hii ina tapeti zinazojirekebisha zenyewe kwa presha ya oili. Gari likikaa, au oili ikiwa ya zamani na yenye masizi, tapeti moja au mbili huishiwa oili na kugonga hadi zijae tena. Mlio wa namna hiyo huwa mwepesi, hutoka juu, na hupotea kwa joto. Mlio wa beringi za krankshafti ni tofauti kabisa: ni mzito, hutoka chini, na huongezeka injini ikibebeshwa mzigo. Hakuna fundi anayepaswa kutaja ovahoo kabla ya kupima mgandamizo wa kila silinda na kusoma presha ya oili. Una bahati kwamba gari la mwaka 1990 lina geji ya oili inayosoma presha halisi, tofauti na matoleo ya baadaye ya kizazi hicho hicho ambayo sindano yake husimama pale pale mradi presha haijashuka sana. Badilisha oili na filta, endesha kwa muda, ubadilishe tena mapema kuliko kawaida, halafu usikilize.

Kuhusu oili ya nyuma: kabla ya kuteremsha giaboksi, tazama nyuma ya silinda hedi, karibu na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Hapo pamefungwa sensa inayosoma mzunguko wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu), na ndani yake mna oringi moja, yaani pete ya mpira, ambayo kwa umri huu huwa imekauka na kuwa ngumu kama plastiki. Oili hupenya hapo, huteremka kwenye mgongo wa injini na kudondoka mahali pale pale ambapo sili ya krankshafti ingedondoshea. Safisha eneo lote kwa kisafisha breki, endesha mwendo mfupi, kisha angalia kwa kioo kidogo na tochi unyevu unaanzia wapi. Ukianzia juu, kosa ni la oringi, tena pengine na gasketi ya kifuniko cha valvu. Giaboksi haina hatia.

Kuibadilisha oringi hiyo ni kazi ya boliti moja, ingawa mkono utapata taabu kufika. Sharti uweke alama kabla ya kulegeza, kwa kukwaruza mstari mmoja unaopita juu ya sensa na juu ya chuma cha hedi, kwa sababu kuizungusha sensa ndiko kunakopanga taimingi ya cheche. Ukisharudisha, hakikisha kwa taa ya taimingi: kipimo cha kiwandani ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, na kinapimwa baada ya kuunganisha kwa waya mfupi zile tundu mbili za TEN na GND katika kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti. Usipounganisha, kompyuta ya gari itaendelea kusogeza taimingi na usomaji wako utakuwa wa uongo.

Mkanda wa taimingi ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa hakuna kumbukumbu, uchukulie kuwa umekwisha muda wake. Habari njema ni kwamba ukikatika, pistoni na valvu za injini hii hazigongani, kwa hiyo gari litazima tu. Wenye Porsche 944 hawana unafuu huo, maana kwao mkanda ukikatika valvu hupinda. Hata hivyo ukiufungua huko mbele, badilisha kwa pamoja pampu ya maji, roli za mkanda, sili za kamshafti na, ikiwa inavuja, sili ya mbele ya krankshafti, kwa sababu kuyafikia hayo kunahitaji ufunguaji ule ule.

Na hapa naomba usome kwa makini. Magari ya mwaka 1990 hadi sehemu ya 1991 yana krankshafti yenye pua fupi, yaani ncha yake ya mbele. Gia ya mkanda imeshikwa kwenye pua hiyo kwa boliti moja kubwa pamoja na kii, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji ili gia isiteleze. Boliti isipokazwa ipasavyo baada ya mkanda kubadilishwa, gia huanza kucheza, kii hutafuna mfereji wake, taimingi husogea na nguvu za gari hupotea taratibu. Mwisho wake krankshafti yenyewe huharibika. Hesabu nafasi zilizo wazi kwenye uso wa puli ya krankshafti: zikiwa nne ni pua fupi, zikiwa nane ni pua ndefu ambayo Mazda waliiimarisha. Kisha washa injini, iache isilensa, yaani izunguke bila kukanyagiwa mafuta, na uitazame puli ikizunguka kutoka juu. Inapaswa kuzunguka bila kuyumba.


KlachiNyepesi alijibu:

Wakuu wangu wamezungumza vizuri, lakini mpangilio wao siukubali. Gari linaloingia barabarani lazima kwanza liweze kusimama. Kutu inaweza kusubiri wiki mbili, na breki mbovu haisubiri.

Gari lenye umri huu huharibika kwa mpira na vimiminika zaidi kuliko kwa kilomita. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka na kuotesha kutu ndani ya silinda. Yabadilishwe kila miaka miwili. Nunua DOT 4, uanze na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), na utoe hewa hadi mafuta yatoke safi. Mipira ya breki inayokwenda kwenye magurudumu, ikiwa ni ile ya tangu gari lilipotengenezwa, iondoe bila kujadiliana nayo. Mpira unaweza kuvimba kwa ndani ukapitisha mafuta ukikanyaga na kuyakatalia kurudi ukiachia, na hapo utadhani kalipa, kifaa kinachobana padi za breki, ndiyo mbovu.

Kalipa za nyuma za MX-5 hushikana kwa urahisi kwa sababu zinabeba pia kazi ya breki ya mkono. Baada ya mwendo wa kawaida usiokanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa hiyo imekwama. Mara nyingi pini zinazoteleza ndizo zimekauka. Zisafishe na uzipake grisi maalumu ya breki, si grisi ya kawaida inayovimbisha mpira.

Kwenye matairi, usidanganywe na kina cha kashata. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 3512, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2012. Magari haya hutembezwa kidogo, hivyo utakuta tairi lina kashata nzuri ilhali mpira wake umekuwa mgumu usioshika lami, hasa kwenye maji.

Sasa klachi yako. Tafuta silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, inayosukuma uma wa klachi. Kunjua kofia yake ya mpira: ukikuta unyevu wa mafuta ndani, sili yake imekwisha. Kagua pia masta silinda juu, kwenye ukuta wa injini, na uguse chini yake kama rangi imebabuka. Ushauri wangu ni kubadilisha zote mbili pamoja na mpira unaoziunganisha, kwa sababu zina umri mmoja, na silinda mpya ikirudisha presha kamili, ile ya zamani iliyobaki huanza kuvuja muda si mrefu. Kazi hii unaiweza mwenyewe.

Springi fupi weka kando kabisa. Ukizifunga juu ya bushi zilizokufa na shokapu zilizochoka, gari litaruka na kutangatanga kuliko lilivyo sasa. Bushi mpya, shokapu nzuri za urefu wa kawaida na upimaji sahihi wa magurudumu vitakupa usukani ambao hukujua gari lako linao.


GiaYaTano alijibu:

Nawashukuru sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nimefanya ukaguzi mliouelekeza. Tundu la upande wa dereva lilikuwa limeziba kabisa. Nilitoa tope jeusi lililochanganyika na nyuzi za turubai, na sasa maji yanatoka pande zote mbili kwa kasi sawa. Kizingiti cha kulia kinalia vizuri, cha kushoto kina sehemu ndogo ya mwisho inayotoa mlio mzito, na sumaku haishiki hapo. Kofia ya silinda ndogo ya klachi ilikuwa imejaa mafuta. Nyuma ya injini, unyevu unaanzia kwenye sensa. Matairi mawili ya mbele ni ya mwaka 2009.

Puli ina nafasi nne. Nimeitazama injini ikisilensa na sioni ikiyumba. Swali langu ni kama niiguse boliti ile nitakapobadilisha mkanda au niiache. Pia tanki la juu la rejeta ni la rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, nami nilidhani ndivyo lilivyotengenezwa.


SpanaKumi alijibu:

Tanki hilo lilitoka kiwandani likiwa jeusi. Plastiki ikifikia rangi hiyo imeiva kwa joto na inaweza kupasuka wakati wowote, kwa kawaida kwenye mshono wa juu. Badilisha rejeta, thermostati, kifuniko cha rejeta na mipira yote ya maji kwa pamoja, ukikumbuka ile mifupi iliyo nyuma ya injini inayokwenda kwenye hita, ambayo wengi huisahau kwa sababu haionekani. Kuchemsha ndiko kunakoua injini hizi. Hedi yake ni ya alumini, na mara moja tu ya kuendesha gari huku sindano ikiwa juu inatosha kuipinda.

Kuhusu boliti: kama ushahidi wote unaonyesha gia imekaa imara, hakuna sababu ya kuisumbua kwa udadisi. Lakini sili ya mbele ya krankshafti ikiwa inavuja, italazimu kuitoa, na hapo fanya kwa nidhamu. Tumia boliti mpya na kii mpya, safisha nyuso zote zinazogusana hadi zisiwe na oili wala chembe ya kutu, kisha kaza kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha ufundi cha mwaka wa gari lako. Kiwango cha pua ndefu ni kikubwa zaidi, hivyo usichukue namba ya toleo la baadaye. Bunduki ya upepo isikaribie boliti hiyo wakati wa kukaza. Ukikuta mfereji wa kii umetafunwa kidogo, wapo waliookoa krankshafti kwa gundi maalumu ya kushikiza vyuma vya mashine, lakini hiyo ni njia ya kuongeza maisha ya injini wakati unatafuta nyingine.


BodiNaRangi alijibu:

Sehemu hiyo ya kushoto isifunikwe kwa puti wala kwa bati lililochomelewa juu ya kutu. Ikatwe hadi kwenye chuma cheupe, ichomelewe kipande kipya kinachofuata umbo la kiwandani, na ndani ipulizwe nta ya kuzuia kutu baada ya kazi kupoa. Mchomeleaji akikuambia hakuna haja ya kuondoa zulia na nyaya zinazopita hapo, tafuta mwingine. Betri itenganishwe kabla hajawasha mashine.

Nimkubalie KlachiNyepesi katika jambo moja: matairi ya mwaka 2009 yaondoke kwanza, hata kabla ya kizingiti. Na utakapoinua gari, usiweke jeki katikati ya ukingo wa kizingiti hata upande ule ulio mzima, kwa kuwa chuma hicho hujikunja. Tumia sehemu zilizotengwa kwa ajili hiyo, weka stendi pande zote mbili, na ulisukume gari kwa mkono kabla hujaingia chini.


KlachiNyepesi alijibu:

Ukifungua buti kwa ajili ya jeki, itazame pia betri. Katika gari hili imewekwa huko nyuma, na ya kiwandani ilikuwa ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kutolea gesi nje. Wamiliki wengi waliofuata waliweka betri ya kawaida ya maji, na mvuke wake wa asidi hula sakafu ya buti. Ukikuta unga mweupe au rangi iliyobabuka chini yake, osha kwa maji yenye magadi, kausha, paka rangi, kisha uweke betri ya aina iliyofungwa na uhakikishe mirija yake imeunganishwa.

Mpangilio ningeuacha hivi: matairi na breki sasa hivi, klachi wakati gari liko juu ya stendi, rejeta pamoja na mkanda wa taimingi kwa mkupuo mmoja kwa sababu vyote vinahitaji maji yamwagwe, kisha kizingiti. Oringi ya sensa unaweza kuibadilisha jioni yoyote utakayopata nafasi.